Mishale ya Mwalimu Andati

Isaiah Andati alikuwa mtu wa kukadiria mwendo tangu utotoni, kabla hajajua kwamba kazi hiyo ina hesabu zake. Kwao Shinyalu, siku ya fahali kupigana, wenzake waliruka na kupiga kelele wakipunga matawi. Yeye alikaa juu ya kichuguu akiyatazama masikio ya fahali. "Huyu mweusi anaenda kushoto," angesema, na mweusi angeenda kushoto. Wazee walimcheka, wakamwambia akue haraka awe mganga. Hakuwa mganga. Alikuwa Mkatoliki wa kweli hadi pumzi ya mwisho, na alifundisha hisabati miaka kumi na tisa katika shule moja ya upili karibu na Shirere, viungani mwa mji wa Kakamega, bila kumchapa mwanafunzi hata mmoja kwa kukosa jibu. Alisema jibu likikosewa, kuna mahali njia ilipinda, na kiboko hakionyeshi mahali.

Alimwoa Jescah, binti wa wakulima wa miwa wa Butali. Walingoja mtoto miaka tisa. Mungu alipowasikia aliwapa mmoja tu, msichana, wakamwita Immaculate. Alikuwa mwembamba, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, na kichwa chake hakikutulia. Akiimba, kichwa kiliimba pia.

Mnamo Juni mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nne, malaria ilimchukua kwa siku tatu. Alikuwa na miaka minane.

Siku ya kumtoa chumba cha maiti Jescah alizimia, wakambeba nyumbani. Alipozinduka, jeneza lilikuwa limekwisha kupigiliwa misumari, na akina mama walimshika mikono asilifungue. Ni Andati peke yake aliyeuona uso wa mtoto. Baada ya matanga, Jescah alimwambia neno moja tu kuhusu jambo hilo: "Ulimwona bila mimi."

Andati alipiga magoti mbele yake kwenye sakafu ya samadi iliyokuwa imetoka kupakwa, akaapa. "Nikimwona tena hapa duniani, Mama Imma, nitamwona pamoja na wewe."

Ni kiapo cha mtu mwenye uchungu, na hakuna aliyefikiri kingekuja kudaiwa. Lakini palikuwa na kanda ya video.

Pasaka ya mwaka ule ule, kabla ya Juni, mgeni wa parokia alikuja na kamera akapiga picha za misa. Ndani ya kanda mlikuwa na mahubiri ya padri, halafu kwaya ya watoto: wasichana ishirini na wanne kwa safu tatu, wote wamenyolewa, wote wamevaa magauni ya kijani yenye madoa meupe, yaliyokatwa kutoka jora moja la kitambaa. Immaculate alisimama mwisho wa safu ya pili, kando ya rafiki yake Khalayi. Wimbo ulikwenda dakika tatu. Baada ya mazishi mgeni yule aliwapa kanda hiyo. Hawakuwa na televisheni, wala hawakuwa na moyo wa kuitazama. Andati aliifunga kwa nailoni mara tatu ili mvua isiiguse, akaiweka juu ya kabati.

Kumbe nailoni ile ndiyo iliyoiua. Unyevu wa Kakamega uliingia nayo ndani ukakosa pa kutokea. Walipoifungua baada ya miaka miwili na nusu, utepe ulikuwa umeota ukungu mweupe kama unga.

Jescah hakulia. Aliketi kitandani akasema, "Sasa amekufa mara ya pili."

*

Andati alikuwa na rafiki aliyesoma naye chuoni, Kipyegon, fundi wa maabara ya kompyuta katika chuo kimoja huko Eldoret. Alimpelekea kanda mkononi, kama mtu anayempeleka mgonjwa. Kipyegon aliisafisha siku nzima kwa pamba na spiriti. Maabara ilikuwa na kadi ya kugeuza picha za video kuwa tarakimu. Kanda ilikubali kupita mara moja. Mara ya pili ilikatika vipande vitatu.

Kilichobaki cha Immaculate kilikuwa tarakimu ndani ya diski kuu ya maabara: picha kumi kwa kila sekunde, dakika tatu, picha elfu moja na mia nane, zote za rangi ya majivu. Wakati kanda inapita, Andati aligeuza kiti akatazama ukuta.

"Bwana, si uangalie?" Kipyegon aliuliza. "Mtoto ni wako."

"Niliapa."

"Nyinyi Waluhya na ugali wenu wa obusuma, mna viapo!" Lakini hakuendelea kutania, maana mwenzake bado aliutazama ukuta.

Shida ilikuwa ukubwa. Kuzibeba picha zote nyumbani kungetaka diski laini tisini na tano. Kakamega nzima duka moja tu liliuza diski hizo, nalo lilikuwa na kumi. Na mkuu wa maabara alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa ya mwisho wa Aprili diski kuu ingefutwa, wanafunzi wapate nafasi ya mitihani. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

"Kuna njia," Kipyegon alisema, akampa bahasha nene ya karatasi zilizotolewa nakala. "Mimi ni mtu wa nyaya. Hesabu ni zako. Lakini zifinye picha mpaka ziingie kwenye diski kumi, la sivyo Ijumaa hiyo mimi sina uwezo."

Andati alizisoma karatasi zile likizo yote ya Aprili, mvua ikipiga bati kila saa tisa alasiri. Aliziona kama barua aliyoandikiwa yeye. Ndani yake aliwakuta fahali wa Shinyalu.

Alimweleza Jescah wakiwa jikoni, yeye akichambua maharagwe.

"Picha moja na inayofuata hazitofautiani sana. Mtu amesogea kidogo tu. Sasa, badala ya kuchora picha mpya yote, unaigawa vipande vidogo vya mraba. Kila kipande unauliza: wewe ulikuwa wapi kwenye picha iliyotangulia? Ukipajua, unaandika mshale. Kimetoka pale, kimekuja hapa. Basi."

"Kama mbuzi," Jescah alisema. "Nikihamisha kigingi sinunui mbuzi mwingine."

"Ndiyo hiyo! Unaandika kigingi kilipohamia. Na kama mbuzi amebadilika kidogo, labda amelowa, unaandika tofauti hiyo pembeni."

"Na utajuaje kipande kilitoka wapi?"

"Unakilinganisha na kila mahali pa jirani. Unatoa nukta kwa nukta, unajumlisha tofauti. Mahali penye jumla ndogo kuliko zote, ndipo kilipotoka." Alivuta kigoda karibu. "Lakini kulinganisha kila mahali kunachukua muda. Mahali mia mbili ishirini na tano kwa kila kipande. Mashine ya Kipyegon ingefanya kazi saa sitini, na mimi nimepewa siku moja, Alhamisi, asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo kuna mkato wa hatua tatu. Ni kama kutafuta kifaranga nyasini kwa sauti. Huendi kila shina. Unasimama, unasikiliza pande zote kwa mbali, unafuata panaposikika zaidi. Unasikiliza tena kwa karibu. Mara ya tatu umemshika. Mahali ishirini na tano tu badala ya mia mbili ishirini na tano."

Jescah aliokota jiwe kwenye maharagwe akalitupa nje.

"Na kama vifaranga wote wanalia?"

Andati alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Juni ile, na baadaye alikuja kukichukia kicheko hicho kuliko dhambi nyingine yoyote aliyowahi kuiungama.

"Hesabu itachagua, Mama Imma."

*

Mkato ule aliujaribu kwanza katika kompyuta ya shule. Ilikuwa moja tu, ya kuchapia mitihani, nayo ilikaa katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Barnaba Khisa, ambaye aliifunika kwa kitambaa cha meza kama mkate.

"Mwalimu Andati, hiyo si cherehani. Usiikanyage kanyage."

"Siikanyagi, Bwana Khisa. Ninaomba."

"Basi omba polepole, stima ya Kakamega inajulikana kwa kupotea."

Kipyegon alikuwa amempa picha chache za kujaribia. Kwa ajili ya kiapo, Andati alichukua zile za padri akihubiri. Za watoto hakuzigusa. Padri alisimama, akainua mkono, akashusha. Mishale ilimfuata kama mbwa anavyomfuata mwenye nyumba. Picha zilifinyika zikawa sehemu moja ya kumi. Ili ziingie vizuri zaidi, Andati alizitupa tofauti ndogo ndogo za pembeni, na padri hakuharibika hata ukosi. Andati alitoka ofisini akipiga ishara ya msalaba.

Alhamisi alianza kazi kule Eldoret saa mbili asubuhi. Programu ilikwenda kwa muda usiofika saa saba. Ilipomaliza, mashine ilichapa wastani wa kosa kwa kila nukta: chini ya tatu, katika ngazi mia mbili hamsini na sita za weusi na weupe. Diski tisa zilijaa, na ya kumi nusu.

"Tazama picha basi, mpaka mwisho," Kipyegon alisema. "Kesho tunafuta."

"Wastani ni mzuri."

"Wastani nimeuona. Mimi nasema tazama. Au nitazame mimi. Mimi sikuapa kitu."

Andati aliwaza. Mtu mwingine amwone mtoto kabla ya mama yake, tena? "Hapana," akasema. "Tumemwacha mama yake nje mara moja, inatosha. Hesabu haidanganyi. Kesho futa."

Alilisema kwa mdomo wake mwenyewe.

*

Jumamosi asubuhi, Bwana Khisa akiwa amewafungulia ofisi akatoka nje kwa heshima, Andati na Jescah walikaa mbele ya kioo. Jescah alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Alishika rozari. Andati aliingiza diski moja baada ya nyingine, kisha akabonyeza.

Picha ya kwanza huhifadhiwa yote, bila mishale, maana haina iliyoitangulia. Hapo alikuwapo. Mwisho wa safu ya pili, amefunga mdomo, anangoja wimbo uanze. Jescah alitoa sauti ambayo si ya kilio wala ya kicheko, akaweka kidole juu ya kioo.

Kisha watoto wakaanza kuyumba. Walikwenda kulia, wote pamoja, bega kwa bega, madoa meupe kwa madoa meupe. Sekunde tano, sekunde kumi. Andati aliona shavu la Immaculate limepata kivuli kisicho chake. Halafu jicho. Kipande cha kichwa chake kilipotafuta kilikotoka, kilisikiliza pande zote kwa mbali, kikasikia vichwa vilivyonyolewa na madoa meupe kila upande, kikafuata sauti ya jirani. Tofauti ambayo ingemsahihisha ilikuwa imetupwa. Na kosa la picha moja likawa mama wa kosa la picha iliyofuata.

Sekunde ya ishirini Jescah aliondoa kidole.

"Huyu ni Khalayi."

"Ngoja, Mama Imma."

"Huyu ni Khalayi, na huyu pia ni Khalayi. Wako wawili. Mtoto wangu yuko wapi?"

Andati alianza kusema, kwa sauti ya mwalimu mbele ya ubao, kwamba kila picha ina vipande mia tatu, kwamba wastani wa kosa ulikuwa chini ya tatu, kwamba vipande karibu vyote vilikuwa sahihi.

"Wastani haukuzaa mtoto," Jescah alisema. "Mimi nilizaa mmoja. Vipande vyake viwili ndivyo nilivyovijia."

Andati alikimbia hadi posta, akapanga foleni kwenye kibanda cha simu, akampata Kipyegon.

"Ulifuta?"

"Wewe ulisema futa, ndugu yangu. Jana saa nne."

Siku hiyo hakurudi nyumbani moja kwa moja. Watu walimwona ameketi kwenye ngazi za kanisa mvua ikimnyeshea, karatasi za hesabu zikiwa zimeloa magotini. Alikuwa akirudia neno moja, na mama mmoja aliyepita alidhani anasali. Alikuwa anasema, "Niliapa. Niliapa. Niliapa."

*

Wiki mbili Jescah hakumsemesha ila kwa mambo ya chumvi na kuni. Ya tatu, siku ya Jumatatu, alitokea mlangoni mwa ofisi ya Bwana Khisa baada ya masomo, amebeba kikapu. Andati alikuwa mbele ya kompyuta kama kila siku, anatazama picha ya kwanza tu, haisogei.

"Picha hii ni nzima?" aliuliza.

"Ni nzima."

"Na mishale ni namba tu?"

"Ni namba. Mbili kwa kila kipande. Kwenda pembeni ngapi, kwenda juu au chini ngapi."

"Mashine ndiyo iliyoandika namba za uongo."

"Mimi ndiye niliyeiambia iandike."

"Basi zifute za kwake. Uandike nyingine kwa mkono." Aliweka kikapu chini, akavuta kiti. "Mimi najua alivyotikisa kichwa. Wimbo ule alinichosha nao kwaresima nzima, nikipika, nikifua. Nitaimba polepole. Wewe usimamishe."

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwaka mmoja na zaidi. Kila siku ya masomo, kwa muda wa saa moja hivi kabla jua halijatua, Jescah aliimba neno moja na kusimama. Andati aliuliza, "Hapo?" naye alifumba macho. "Hapo aliinama kushoto. Ongeza. Aa, umezidisha, mtoto hakuwa mlevi. Rudisha moja." Vipande vilikuwa vinne, viwili vya kichwa na viwili vya mabega. Siku njema walimaliza picha mbili. Siku nyingine walibishana juu ya picha moja hadi askari wa lango akaja kugonga funguo. Andati aliandika kila kitu katika daftari la mistari.

Bwana Khisa alilalamika mwanzoni. "Mitihani, Mwalimu! Mitihani!" Baadaye alianza kuja na chai, akasimama nyuma yao. Siku moja alisema, "Mbona mdomo haufunguki? Si anaimba?"

Andati alipangusa miwani. "Mshale husogeza tu, Bwana Khisa. Hauumbi. Katika picha ya kwanza mdomo umefungwa, na sina pengine pa kuuchukua ukiwa wazi."

"Hata kwa Khalayi?"

Jescah alimgeukia kwa jicho ambalo naibu yule hakulisahau. "Meno ya Khalayi hayajaachana," alisema.

Kulikuwa na jambo lingine. Kila walipofika mwisho wa kazi ya siku, zile picha za mbele bado zilikuwa na mishale ya zamani, na mtoto alianza tena kuliwa na jirani yake. Jescah hakuweza kuliona hilo akaenda nyumbani kulala. Kwa hiyo, kila jioni kabla ya kuzima mashine, Andati aliandika sifuri katika mishale yake yote iliyobaki, hadi picha ya elfu moja na mia nane.

"Sifuri inamwambia nini?" Jescah aliuliza mara ya kwanza.

"Inamwambia asiende popote. Akae pale pale alipo mpaka nirudi."

Mwezi Septemba mwaka wa tisini na nane, siku ya Jumatano, kifua kilimbana Andati darasani, chaki mkononi. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Alifika hospitali akiwa hai, akapakwa mafuta matakatifu, na alipomwona Jescah alimwambia wazi wazi, "Nimemwachia sifuri." Wauguzi walidhani anaweweseka. Alikata roho kabla ya magharibi, na Mungu, anayemjua kila mmoja bila kukadiria, amemjua.

Safari hii Jescah hakukubali kubebwa. Aliuona uso wa mumewe kabla ya mtu yeyote, akamfumba macho kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya matanga alikwenda shuleni na lile daftari. Mstari wa mwisho ulioandikwa ulikuwa wa picha ya mia nne na kumi na mbili. Bwana Khisa aliondoa kitambaa juu ya kompyuta, akamwekea kiti, na safari hii Jescah alimwomba asitoke.

Wimbo ulianza bila sauti. Immaculate aliinama kushoto, akainuka, akashusha bega, kichwa chake hakikutulia. Mdomo umefungwa, lakini ni yeye. Kwa sekunde arobaini na moja alikuwa yeye. Kisha akasimama. Wasichana ishirini na watatu wakaendelea kuyumba, kulia, kushoto, madoa meupe yakipita mbele na nyuma yake kama mvua, naye katikati ya mwendo wote ule hakusogea.

"Nizime, mama?" Bwana Khisa aliuliza.

"Usizime."

Walikaa hadi wimbo ukaisha, zaidi ya dakika mbili. Mtoto alisimama vile vile mwisho wa safu ya pili, kama mtoto aliyeambiwa na baba yake kaa hapo, usimfuate mtu yeyote, nakuja.